Sekunde Kumi na Moja

Kila asubuhi, saa moja na dakika arobaini na mbili,
naielekezea reli tupu kidole chenye glavu nyeupe,
nasema kwa sauti: "Njia salama!"
Hakuna anisikiaye ila kunguru.
Wageni hucheka, hupiga picha:
mzee huyu, hudhani, anaongea na vyuma.
Naongea nami mwenyewe.
Jicho husahau, kidole husahau, mdomo husahau,
ila vitatu kwa pamoja
ni vigumu kusahau siku moja.

Stesheni yetu ina benchi, jiko la mafuta ya taa,
na kamba ninakoning'iniza vilivyodondoka:
glavu ya mtoto, miavuli minne,
na meno ya bandia, ndani ya mfuko safi,
ya mtu ambaye mpaka leo
hajapata ujasiri wa kuja kuyadai.

Majira ya baridi yale Fusae alipata mgeni,
Evaristo wa Chile, mpimaji wa milima,
mtu wa kucheka mpaka mabega.
Habari zake zilinifikia kabla yake.
Viatu alivua mlangoni, vizuri sana,
kisha akasahau kuvua kandambili za chooni,
akatembea nazo juu ya mikeka
mpaka mbele ya picha ya marehemu mume wa Fusae,
akamwinamia kwa heshima zote.
Usiku akaingia na sabuni yake, povu mpaka masikioni,
katika hodhi la maji ya moto
ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilingojea zamu kwa zamu.
Fusae hakusema neno.
Alimwaga, akasugua, akachemsha upya
mpaka saa sita ya usiku.
Asubuhi akamwuliza kama amelala vyema.

Naye mgeni alikuwa na ya kwake.
Alinieleza kwa mikono, pale kwenye benchi:
kwamba Chinami, wa darasa la kwanza,
hupanda treni peke yake, kofia ya manjano, ufunguo shingoni;
kwamba Kiyohiko, baba mzima, hufyonza tambi
kwa mlio wa mfereji uliozibuka,
hakuna wa kumkanya,
ila mtu akipenga kamasi mezani
wote hugundua uzuri wa dirisha;
kwamba chupa ina Jumanne yake
na gazeti lina Ijumaa.
Nilitikisa kichwa. Kwani kwao chupa hazina siku?

Siku ya kuondoka jua liliwaka juu ya theluji ya jana.
Treni imesimama, mgeni ameingia,
kidole changu kimekwisha kusema,
filimbi i mdomoni,
ndipo nikamwona Fusae darajani,
miaka sabini na sita, aproni na mabuti,
akikimbia na bahasha juu ya kichwa:
"Umesahau! Umesahau pesa!"

Hakusahau. Alikuwa ameziacha chini ya kikombe,
bakshishi, shukrani ya kwao.
Kupitia kioo akampungia mkono,
akidhani anaagwa.

Miaka thelathini na mmoja
sijachelewesha treni hata kwa pumzi.
Sikupuliza.

Bahasha ikapita mlangoni, na chenza juu yake.
Yeye akairudisha. Mama akaisukuma.
Akairudisha tena. Mama akainama,
naye akainama, akagonga paji lake kwenye nguzo,
na alipokuwa akijipapasa
bahasha ilikuwa tayari mfukoni mwake.

Nikapuliza.

Fusae alibaki ameinama
treni ikapinda mlimani,
ikapotea,
na sauti yake nayo ikapotea,
bado ameinama.
Alipoinuka aliniomba radhi kwa usumbufu.
Nikamwomba radhi kwa filimbi.
Akaomba tena. Nikaomba tena.
Chai yangu ilipoa.

Jioni nikafungua daftari la kampuni.
Treni ya kwanza. Kuchelewa: sekunde kumi na moja.
Sababu:
nikaandika, theluji inaanguka.
Jicho lilijua. Kidole kilijua.
Mdomo wangu
nikaujaza chenza
alilonipa Fusae njiani akirudi.